Nyama Ambayo Bado Haijafa



Nimeombwa nizungumzie majeraha ya nyama laini na kuungua, yaani ngozi, mafuta, misuli na mishipa, vile vyote vinavyoufunika mfupa, na jinsi vinavyopokelewa katika huduma ya dharura. Mimi ni muuguzi. Miaka yangu mingi kazini nimeipitishia kwenye ule mlango ambao gari la wagonjwa huingia kinyumenyume. Nitasema niliyoyaona nikiwa pale mlangoni. Yatakayofuata wodini na katika chumba cha upasuaji nawaachia madaktari.

Asubuhi moja, inakaribia saa 5, aliingia bibi mmoja amembeba mjukuu wake wa kike wa miaka 2. Mtoto alikuwa ameivuta sufuria ya chai ya maziwa iliyowekwa juu ya stuli. Kifua na mkono wa kulia vilikuwa vyeupe pepe. Nilipomsogelea nikasikia harufu ya mnanaa: dawa ya meno, imepakwa nene, na juu yake imenyunyiziwa unga wa ngano.

"Shikamoo bibi. Ameungua saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Saa 2, tulikuwa tunakunywa chai."

"Mlimmwagia maji?"

"Maji? Maji si yangemtoa malengelenge!"

Yule bibi hakuwa mzembe. Alikuwa amekimbia dukani peku, akakopa tyubu nzima ya dawa ya meno, akaimalizia yote kwenye kifua cha mjukuu. Alifanya kila alichofundishwa na waliomlea. Mapenzi yalikuwepo, mbio zilikuwepo, hela ya kukopa ilikuwepo. Na pipa la maji lilikuwepo uani, hatua chache kutoka pale mtoto alipoungulia. Kazi yetu ya kwanza ikawa kuutoa ule unga uliokwisha kuganda kama uji juu ya nyama mbichi, mtoto analia mpaka sauti inamkauka, bibi naye ameegemea ukuta anatetemeka. Nimeibeba asubuhi ile moyoni, na kwa ajili yake nimekubali kusimama hapa leo.

Sasa niwaeleze kwa nini maji.

Mwaka 1953 daktari mmoja wa upasuaji wa mji wa Birmingham, Uingereza, Douglas Jackson, alieleza kwamba jeraha la moto lina kanda tatu. Fikirieni chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Katikati imekuwa mkaa, hiyo imekwenda. Pembeni kabisa imepata rangi tu, inalika. Baina ya hizo mbili kuna mviringo ambao huwezi kuuamua kwa haraka. Ndivyo ngozi ilivyo. Katikati ya jeraha nyama imekufa palepale, hakuna daktari wa kuirudisha. Ukingoni ngozi imewaka tu na itapoa yenyewe. Lakini ukanda ulio kati ya hizo mbili haujafa. Mishipa yake midogo imebanwa, damu inapita kwa shida, na kwa muda wa siku moja mbili zijazo utapona au utakufa kulingana na utakavyotendewa. Ukifa, jeraha linatanuka, linazama, na lililokuwa la kupona kwa wiki mbili linakuwa la kupandikizwa ngozi.

Ukanda huo ndio ninaowaombea leo. Kwa saa ya kwanza hauko mikononi mwangu, uko mikononi mwenu, kwa sababu mimi bado sijamwona mgonjwa.

Na jambo hili wengi hawalijui: moto ukishaondolewa, ngozi inaendelea kuungua. Sufuria uliyoiepua jikoni hubaki ya moto kwa muda mrefu, na ngozi nayo huhifadhi joto vivyo hivyo, joto hilo likazidi kushuka chini. Ukipaka mafuta, dawa ya meno, yai au tope, umelifunikia humohumo. Maji yanayotiririka hulichukua joto yakaondoka nalo. Maji ya kawaida, ya baridi ya mtungini, si ya barafu. Barafu inabana mishipa ya ule ukanda wa kati na kuumaliza kabisa. Muda ni dakika 20 mfululizo. Mkichelewa kuanza, anzeni hivyo hivyo, maana maji yanasaidia hata kama zimepita saa 3. Ndiyo sababu hata yule mjukuu wa bibi tulimmwagia.

Najua mtaniuliza: bomba lenyewe halitoki maji siku nne katika wiki, hayo ya kutiririka kwa dakika 20 tuyapate wapi? Ndoo moja inatosha. Mkalishe mgonjwa penye beseni, chota kwa kata, mimina polepole juu ya jeraha, yale yaliyoangukia kwenye beseni chota tena umimine. Yakianza kuwa vuguvugu badilisha. Pakiwa hakuna hata ndoo, loweka kitambaa safi, weka, na kila kinapopata joto kiloweke upya. Wakati huohuo vua pete, bangili, shanga za kiunoni na saa, kwa sababu ndani ya muda mfupi mwili utavimba na pete itageuka kuwa kamba ya kumnyonga kidole. Nguo iliyolowa maji ya moto ivuliwe mara moja; iliyoganda kwenye ngozi, kama ile ya nailoni iliyoyeyuka, iacheni, kateni kuizunguka. Na mtoto mdogo mfunikeni sehemu zisizoungua kwa kanga kavu, maana tunachotaka kupoza ni jeraha, yeye mwenyewe abaki na joto lake.

Mkimaliza, funikeni kwa kitambaa safi ambacho hakina manyoya, au kwa plastiki laini ya kufunikia chakula kama mnayo, mje. Malengelenge msiyatumbue. Pamba msiweke, itaganda. Manyoya ya sungura, ambayo nayaona mpaka leo yamebandikwa kwenye majeraha kama tandiko, sisi tunayabandua moja moja kwa kibano, na kila unywele unaong'oka unang'oka na kipande cha ule ukanda wa kati.

Wako watakaosema, mbona fulani alipakwa asali akapona? Asali ina historia ndefu na hospitali nyingine hutumia asali iliyosafishwa kwa vidonda. Lakini hiyo ni dawa ya kidonda cha siku za baadaye, kikiwa kimeshapozwa na kusafishwa. Kwa dakika 20 za mwanzo haina kazi.

Hata waganga wenyewe walichelewa kujifunza haya. Mwaka 1537, vitani kule Piedmont, kijana mmoja Mfaransa, Ambroise Paré, alikuwa akiwatibu askari waliopigwa risasi. Desturi ya siku zile ilikuwa kumimina mafuta yanayochemka ndani ya tundu la risasi, kwa imani kwamba baruti ni sumu na lazima iunguzwe. Usiku mmoja mafuta yakamwishia. Akachanganya kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, akapaka hivyo hivyo kwa hofu, na usiku kucha hakupata usingizi akidhani atawakuta wamekufa. Asubuhi aliwakuta wametulia, maumivu kidogo, vidonda havijavimba. Waliomiminiwa mafuta ya moto walikuwa na homa na maumivu makali. Sisemi yai lile ndilo lililowaponya. Kilichowaponya ni kwamba kwa mara ya kwanza hakuna aliyewaongezea jeraha juu ya jeraha. Kila ninapobandua unga kifuani mwa mtoto namkumbuka Paré na usiku wake ule bila usingizi.

Joto lenyewe msilidharau. Maji ya nyuzi 60 yanahitaji kama sekunde 5 tu kuiunguza ngozi ya mtu mzima kwa kina. Ya nyuzi 70, sekunde moja. Ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Chai iliyotoka kuepuliwa iko juu ya hapo, na uji ni mbaya kuliko chai, kwa sababu uji unanata na kubaki na joto lake. Ndiyo maana mafiga matatu chini sakafuni, au jiko la mkaa mlangoni, vinatuletea watoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu kuliko rika lolote.

Hapa nina neno na wenzangu wa afya walioko ukumbini. Vitabu tulivyosomea vinasema jeraha la juujuu huwa jekundu, na la kina kidogo huwa la waridi. Ngozi iliyokusudiwa na mwandishi si ya mama yangu wala yangu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani hivyo. Utaona weusi umekolea, au mng'ao, au pale tabaka la juu lilipochunika utaona weupe wa waridi ambao mgeni atadhani ndio kina cha mwisho. Basi tumieni vidole. Guseni kwa mgongo wa mkono muone joto. Bonyezeni, achieni, mwone kama rangi inarudi. Ulizeni maumivu. Na ninyi msio wauguzi lishikeni hili: jeraha lisilouma ndilo la kuogopwa. Pakiwa peupe kama nta au peusi na pakavu kama ngozi ya ngoma, na mgonjwa anasema hasikii kitu, neva zenyewe zimeungua. Nimewahi kumpokea baba mmoja aliyekaa nyumbani siku mbili kwa sababu mguu "haukumsumbua sana."

Ukubwa mnaweza kuupima wenyewe. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni karibu asilimia 1 ya ngozi yake. Kiganja chake yeye, msipime mtoto kwa kiganja cha baba. Mtoto aliyeungua viganja 10, au mtu mzima viganja 15, anahitaji dripu, kwa kuwa mishipa yake imeanza kuvuja maji ndani kwa ndani na damu inakuwa nzito. Na popote palipoungua uso, mikono, nyayo, sehemu za siri au viungo vinavyokunjika, njooni hata kama ni kiganja kimoja. Kiwiko kilichoungua kikiachwa kipone kimekunjwa, kovu linavuta, na mkono haunyooki tena.

Tunapoandika dripu tunahesabu hivi: mtoto wa kilo 12 aliyeungua asilimia 20, mililita 3 mara kilo 12 mara 20, tunapata mililita 720 za saa 24 za mwanzo, mbali na maji yake ya kawaida ya kila siku. Nusu yake, 360, lazima iingie katika saa 8 za kwanza. Saa 8 hizo huanzia pale alipoungua, si pale alipofika mlangoni kwangu. Akifika zimeshapita 3, nimebakiwa na 5. Kwa hiyo yeyote atakayekuwepo atazame saa, aikariri, aje nayo. Mkileta mgonjwa na kuniambia "tangu asubuhi," mmenifunga mkono mmoja.

Hatuwezi kukaa katika mji huu tukazungumza moto bila kuutaja mkasa wa Msamvu. Jumamosi ile, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka asubuhi, watu wakakusanyika na madumu, na moto ukaua zaidi ya watu 100. Wenzetu wa Kenya walikuwa wameshapita hapo: Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya 100. Na kule Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010, zaidi ya 200. Yapo maneno yaliyosemwa juu ya marehemu wetu ambayo sikuyapenda, kwamba walikuwa wezi wa mafuta. Walikuwemo waliokuwa wanapita tu, na waliokuwa wamekuja kumtazama ndugu. Mimi naona wengi hawakujua kitu kimoja. Petroli haiwaki ikiwa maji, unaowaka ni mvuke wake, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unajaa mitaroni na miguuni mwenu, macho hayauoni. Cheche ya betri au injini ya pikipiki iliyosimama mbali inatosha, na moto unarudi kulifuata lori ukiwa umeshapita katikati ya watu. Gesi ya kupikia nayo ni nzito vilevile. Ukiingia nyumbani ukasikia harufu yake usiwashe wala kuzima taa. Fungua milango, funga mtungi, toa watu. Na nambari ya Zimamoto hapa Tanzania ni 114.

Anayewaka moto hukimbia. Ndiyo silika, na ndiyo inayomuua, kwa sababu upepo wa kukimbia unauchochea moto na ndimi zake zinapanda usoni. Mwangusheni, mviringisheni chini, mfunikeni kwa kitenge kizito cha pamba au blanketi, kisha maji. Mtu aliyetoka ndani ya nyumba iliyojaa moshi, hata kama ngozi yake nzima haina alama, msimwachie arudi nyumbani. Tazameni nywele za pua kama zimeungua, makohozi kama yana masizi, sikilizeni sauti kama imekwaruza. Koo linavimba polepole. Wapo waliokuja wanatembea, wanaongea nasi, wanatoa majina ya ndugu zao, na saa chache baadaye pumzi haina pa kupita.

Vijana wangu wa bodaboda, nawajieni sasa. Ukitaka kuwatambua abiria wa mjini, tazama upande wa ndani wa shavu la mguu wa kulia: kovu la mviringo, saizi ya kitumbua, la ekzosi. Wateremsheni abiria kwa kushoto, na ekzosi ifungwe kinga yake ambayo wengi mmeing'oa.

Majeraha ya ajali yana ukanda wake wa kati pia. Ngozi iliyochunika ikabaki inaning'inia, watu huikata kwa wembe wakiona imeharibika. Msiikate. Ioshwe, irudishwe mahali pake, ifunikwe. Mara nyingi bado ina mshipa unaoilisha, na hakuna ngozi ya kupandikiza iliyo bora kuliko ya mahali penyewe. Kidole kilichokatika kabisa kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe ndani ya maji yenye barafu. Kidole kisiguse barafu yenyewe. Nimeletewa kidole kimelala ndani ya kikombe cha barafu, kimeganda kama nyama ya friza, na aliyekileta amekimbia kilomita nzima akiwa na matumaini.

Damu ikitoka, bonyeza. Kiganja chako, kitambaa chochote safi, uzito wa mwili wako, moja kwa moja juu ya mahali inapotokea, bila kuchungulia kila dakika. Ninachokutana nacho zaidi ni utepe wa kanga umefungwa juu ya kidonda, kati ya kidonda na moyo, umekaza nusunusu. Huo ni mbaya kuliko kutofunga. Unazuia damu ya kurudi moyoni, iliyo karibu na ngozi, lakini ile inayotoka moyoni kwa nguvu, inayopita ndani zaidi, bado inaingia. Matokeo yake kidonda kinatoka damu zaidi. Kamba ya kuzuia damu kabisa ipo, ni kwa mkono au mguu unaomwaga damu ambayo kubonyeza kumeishindwa. Iwe pana, izungushwe kwa kijiti mpaka damu ikome kabisa, na saa iandikwe kwenye paji la uso wa mgonjwa kwa kalamu.

Kuhusu kuosha sitachelewa: maji ya bomba safi, mengi, yanatosha, na mchanga wa barabarani utoke wote. Spiriti isimwagwe ndani ya kidonda kilicho wazi. Pepopunda inaingia hata kwa tundu la msumari ambalo halikutoa damu, kwa hiyo sindano yake msiikwepe kwa sababu kidonda ni kidogo.

Naomba mnivumilie kwa hili la mwisho, linaniuma. Tunapokea watu wenye kifafa walioangukia motoni, jeraha limezama kuliko lilivyopasa, na tukiuliza kwa nini hawakuvutwa upesi, jibu linakuja kwa sauti ya chini: watu waliogopa kumgusa, eti kifafa kinaambukiza kwa povu. Hakiambukizi. Ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Mvuteni. Kila sekunde anayolala juu ya mkaa inakula ule ukanda ambao tungeweza kuuokoa.

Yule mjukuu wa bibi alikaa wodini wiki kadhaa. Mkono ulipona vizuri. Kifuani ilibidi apandikizwe ngozi, sehemu ndogo kuliko tulivyohofia siku ile. Bibi alikuja kila siku, na siku ya kuruhusiwa alinishika mkono akaniuliza, "Ile kata, mwanangu, unachota unamimina tu?" Nikamwambia ndiyo, bibi, unachota unamimina.

Dakika 20 mtu akizisikia kwa mdomo anaziona fupi, na kina mama wengi huacha kwenye ya tano kwa sababu mtoto analia. Kwa hiyo pale mlangoni nimeweka ndoo, beseni na kata. Kijana wangu atashika saa. Naomba mama mmoja anyanyue mkono aje anyooshe wake juu ya beseni, na mwingine aje amimine, tuanze sasa. Maswali nitayapokea maji yakiendelea.